Pamba Iliyoota Kwangu Tu

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza! Nimerudi na matope hadi magotini. Kutwa nzima nimepima viwanja vya pamba kwa kamba yangu, nyumba hadi nyumba, na kila nilipopita nimeachiwa maneno mgongoni. Unyapara ndio huo. Walio chini wanakutukana, walio juu wanakukaripia, na miguu inauma ni yako.

Amri ni ile ya mwaka jana, ila imeongezwa ukali. Kila kaya ipande pamba bondeni, kwenye ardhi nzuri, ile ya mtama. Pamba kwanza, chakula baadaye, mvua ikibaki. Atakayekaidi ni kiboko. Nimewasomea mara mbili ili mtu asije akasema hakusikia.

Jirani yangu Kipara akaniuliza mbele ya watu kama nimewahi kutafuna shati. Maana pamba hailiki, Bwana Kamba! Mwaka jana tumevuna mpaka uwanja wa stoo ukawa mweupe, na watoto wamelala na maji ya pumba. Watu wakacheka. Mtu hana mke, hana mtoto, hata nywele hana, lakini mdomo Mungu kamjalia!

Nimemweleza mke wangu. Akasema swali la Kipara si baya, ningelijibu. Nimelala bila kumjibu na yeye.

Jumatano, 4 Machi

Kugawa mbegu. Bwana Miwani alikuja mwenyewe kusimamia. Huyu ndiye serikali nzima ya hapa: hakimu yeye, jela yeye, kodi yeye, pamba yeye. Hapazi sauti hata siku moja. Anasema "tafadhali", anafuta miwani yake, kisha mtu analazwa chini anachapwa. Marehemu baba alikuwa na mkono mzito, lakini yeye sikumwogopa hivi.

Ajabu ya leo: waliokuja kuchukua mbegu ni wanawake watupu. Wamejipanga, wametulia, hakuna aliyenung'unika. Mbele yao mama mkwe wangu na kikapu chake. Nikainamisha macho nikamwamkia, akaniitikia vizuri kabisa! Siku zote huniitikia kama anayetema kokwa ya limau. Nikasema moyoni, hatimaye wameelewa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hawa wameamua kuponya miguu yao.

Bwana Miwani ameniambia kazi nzuri. Kanipa kofia. Si mpya, ukingo umeliwa na mende, ila ni kofia ya serikali. Mke wangu kaitazama sana. Kasema inanipendeza, inafunika uso.

Jumanne, 10 Machi

Tumepanda. Bonde zima limeinama kwa siku moja, na mimi natembea katikati nikihakikisha mistari imenyooka. Shamba letu amepanda mke wangu peke yake, mimi sikuwa na nafasi.

Kitu kimoja. Tangu juzi moshi haukatiki majikoni. Nimemuuliza mke wangu watu wanapika nini na maghala yanalia. Akasema maji. Mwenye njaa akiona chungu kinachemka anapata moyo, Mheshimiwa. Ananiita Mheshimiwa akitaka nimwache.

Jumatano, 18 Machi

Imeota! Yote! Mistari yangu imenyooka, majani mawili mawili, mabichi, yananing'inia na umande. Nimekaa ukingoni kama mjinga nikiyatazama mpaka chai ikapoa.

Ya wengine bado. Wamefukia chini mno, wavivu hawa. Sikuweza kungoja. Nimekwenda hadi ofisini, jasho linanitoka, nikamwambia Bwana Miwani: njoo uone pamba ya mnyapara wako. Akasema atakuja Jumamosi, atafurahi. Kasema "atafurahi"! Njia nzima nimerudi napiga mluzi.

Mke wangu nilipompa habari alikuwa anachambua maharage. Akaacha. Umekwenda kumwita? Nikasema ndiyo. Akarudia, umekwenda mwenyewe kumwita? Akainuka akaingia ndani na maharage yake. Wanawake hawajui furaha ya mwanaume kazini.

Ijumaa, 20 Machi

Nimefunga mlango kwanza, ndipo niandike.

Asubuhi nilipita kwa Kipara kumkaripia. Shamba jeusi tii, hakuna hata unyasi wa pamba. Nikachimbua tuta kwa kidole nimwonyeshe jinsi alivyofukia chini. Mbegu haikuwa chini. Ilikuwa mahali pake hasa, urefu wa kidole. Nikaishika, ikapondeka kama dengu iliyoiva. Nikainusa. Mbegu imepikwa!

Nikachimbua nyingine. Nikahamia shamba la pili, la tatu, la kisimani, la mjane wa fundi viatu. Zote zimeiva. Kijiji kizima kimepanda mboga!

Nikarudi nyumbani mbio. Chungu kikubwa kiko nyuma ya nyumba kimefunikwa. Ndani, kwenye ukingo, kuna manyoya ya pamba yamegandia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata iko mikononi mwa mke wangu.

Hakukana. Alieleza kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Mawazo ni ya mama yake. Wakikataa kupanda watachapwa. Wakipanda ikaota watakufa njaa tena. Lakini ikipandwa isiote, mwaka huu na mwaka ujao, Bwana Miwani atasema ardhi haifai, atahamisha pamba yake. Wanawake wote wamechemsha, hata za Kipara asiye na mke. Waume wengine wanajua, wengine hawajui. Mtama utapandwa juu yake wiki ijayo, mvua bado ipo.

Na zetu? Kwa nini zetu hukuchemsha?

Akasema aliniogopea. Mnyapara asipootesha, wa kwanza kulazwa chini ni mnyapara. Alizitia mara mbili kwenye maji ya moto, mara mbili akazitoa. Mama yake hajui. Nilitaka nikuponye, akasema. Sikujua utakwenda kujitangaza.

Sijawahi kumwona analia. Alilia kidogo, kwa hasira.

Tukakata shauri: mbuzi! Mbuzi wa mama mkwe waingie jioni wale kila kitu. Pamba ikiliwa na mbuzi si kosa la mtu. Tukawaingiza. Walikuwa wanakula vizuri, Mungu awabariki, wamemaliza mistari miwili — na nani anatokea barabarani? Sajini! Ametangulia kukagua njia ya Bwana wake. Akaruka na kiboko, akawatimua mbuzi wote, akawakamata wawili kuwa ushahidi. Akaja kwangu anahema, anatabasamu. Nimeokoa pamba yako, mnyapara. Nikamshukuru! Nimempa na kuku juu.

Jumamosi, 21 Machi

Bwana Miwani alikuja mapema. Akachuchumaa kwenye pamba yangu, akagusa jani kwa ncha ya kidole kama anayegusa shavu la mtoto. Nzuri sana, akasema. Kisha akainuka akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akavuka mpaka akaingia kwa Kipara.

Nilijua kila atakachofanya. Akachimbua. Akaminya. Akanusa. Akafuta vidole kwa kitambaa cheupe, halafu akafuta miwani. Alichukua muda mrefu kwenye miwani.

Tafadhali, akaniuliza, udongo wa hapa na wa pale ni tofauti? Nikasema ni mmoja. Mvua ni tofauti? Ni moja. Mbegu? Nikavua kofia.

Kasema mambo haya hayaanzi kwa watu wengi, huanza kwa mtu mmoja mwenye akili. Anamtaka huyo. Ananipa mpaka Jumatatu. Nisipompa jina, atachapa kila mwenye kaya, mmoja mmoja, mbele ya stoo, na atauliza kwa njia hiyo. Alipokuwa anapanda farasi wake akageuka. Pamba yako nani alipanda? Mke wangu, Bwana. Mke mwema, akasema. Labda yeye anajua wenzake walifanya nini.

Laiti ungeota hata mche mmoja tu kwingine! Kijani changu ndicho kilichowasema wote.

Jumapili, 22 Machi

Mama mkwe amekuja. Hakuingia. Amekaa kizingitini amenipa mgongo, kama adabu inavyotaka, akaongea na uwanja. Baba, nitaje mimi. Nimezeeka, meno yamekwisha, hawatapata faida kubwa kwangu.

Nikamwambia Bwana Miwani hataamini. Yeye anatafuta mwanaume. Akiambiwa ni bibi kizee mwenye chungu atadhani anachezewa, atauliza bibi huyo alisaidiwa na nani. Na atakayefuata ni binti yake.

Kisha akasema: basi usimtaje mtu. Watuchape. Tulijua tutachapwa.

Rahisi kusema! Hawajawahi kusimama pale nikihesabishwa viboko. Mtu wa tano, wa sita, tayari kuna anayetapika jina. Na jina litakuwa moja tu, la mke wa mnyapara, maana hakuna anayenipenda. Mke wangu kakaa karibu na jiko ananitazama. Sitaki wamguse. Sitaki hata wamtazame. Nikawaza kwa mpangilio, nyumba hadi nyumba kama ninavyopima. Huyu ana watoto. Huyu mama yake mgonjwa. Huyu ndugu zake wengi, wataniua. Nikafika kwenye nyumba ambayo haina atakayelia.

Jumatatu, 23 Machi

Nimemtaja Kipara.

Jumanne, 24 Machi

Nilisimama na kofia yangu kichwani. Ilikuwa amri, wote waje, wanaume mbele, wanawake nyuma.

Kipara hakuelewa. Alidhani anachapwa kwa mdomo wake, amezoea. Walipomlaza akamwambia Sajini asimchafulie nywele. Kuna watu walicheka, hata leo! Viboko vya kwanza akavihesabu kwa sauti akaviruka vingine makusudi, ili Sajini akose hesabu. Bwana Miwani akasema, tafadhali, tuanze upya.

Wakaanza upya.

Hapo ndipo akauliza kosa. Akasomewa: amefundisha watu kuchemsha mbegu. Kipara akageuza uso kwenye vumbi, akanitafuta kwa macho, akanipata. Mimi nifundishe kupika? akasema. Hata uji huwa unaniungulia. Nyuma yangu kwa wanawake nikasikia mtu anavuta pumzi. Walijua. Neno moja tu la mwanamke yeyote lingemwinua pale chini, na yeye pia alilijua. Aliwatazama. Kisha akafumba mdomo wake, yeye, Kipara, na hakuufungua tena.

Mama mkwe akasukuma watu apite mbele, anasema ni mimi, ni mimi. Askari wakamrudisha kwa kitako cha bunduki, wakidhani ni mama yake anamlilia mwanawe. Bwana Miwani hata hakugeuka.

Kipara amekufa jua halijafika kichwani.

Alhamisi, 26 Machi

Wamemzika jana. Sikuitwa. Nimesikia tu majembe.

Leo hakuna aliyeniamkia. Nimepita kisimani, mazungumzo yamekatika, ndoo zimesimama. Chakula changu nimekikuta nje, kwenye jiwe, kimefunikwa vizuri, kina chumvi ya kutosha. Nikaingia nikamwambia mke wangu: nimefanya kwa ajili yako. Akasema anajua. Nikasema ungekuwa wewe pale chini! Akasema anajua na hilo. Nikamuuliza basi unataka nini? Akafikiri kweli kweli, sikuwa nimemwona anafikiri hivyo kwa ajili yangu. Akasema, nilitaka mume wangu awe mjinga tu. Ujinga ningeuvumilia.

Ningempiga. Mkono uliinuka. Haukuteremka, wala sijui nani aliuzuia.

Jumamosi, 28 Machi

Kaondoka. Kachukua chungu kikubwa, mkeka na jembe lake. Mama yake pia hayupo. Nyumba nyingi hazina watu mchana, moto umezimwa kwa majivu, kuku wamechinjwa wote. Watu hawachinji kuku wote kama wanakusudia kurudi kesho.

Nilipaswa kumwambia Bwana Miwani. Sijamwambia. Sijui ni huruma au ni uchovu.

Jumatatu, 30 Machi

Stoo inawaka! Pamba ya mwaka jana yote, marobota hadi darini, moshi mzito, mweusi, unanuka nguo zilizoungua. Mwenye stoo amekutwa maiti mlangoni. Wamemjaza pamba mdomoni. Wamemwambia kula.

Askari wawili wamekufa barabarani. Kwa majembe. Watu ambao juzi nilikuwa nawanyooshea mistari!

Shambani kwangu wameng'oa kila mche. Hawakukanyaga, hawakuharibu. Wameng'oa mmoja mmoja na mizizi yake, wakaupanga mbele ya mlango wangu, safu baada ya safu, imenyooka kuliko nilivyowahi kuwafundisha. Wangeweza kuchoma nyumba nami ndani. Labda ni yeye aliyewaomba. Labda wanangoja.

Nimekimbilia bomani na nguo nilizovaa, kofia, kamba na daftari hili. Sajini kanicheka getini. Karibu nyumbani, kasema.

Jumapili, 5 Aprili

Wamekuja asubuhi, bonde zima, na la jirani, na watu nisiowajua. Mikuki, majembe, fimbo, bunduki mbovu chache. Wanaimba. Askari wetu walikuwa wanatetemeka, walikuwa hawafiki hata thelathini, na Sajini alikuwa anawapiga vichwani ili wasikojoe.

Bwana Miwani akaniita dirishani. Tafadhali, wanaoongoza ni akina nani? Kwa mbali nyuso hazionekani. Lakini mimi nimetembea nyuma ya watu hawa miaka mingi na kamba yangu. Namjua kila mmoja kwa mwendo wake. Nikanyoosha kidole. Yule anayechechemea, wa shamba la kisimani. Yule mwenye mabega mapana, mwana wa mganga wa mifupa. Sajini alikuwa na shabaha nzuri. Nikinyoosha, mtu anakaa chini. Nikinyoosha, mtu anakaa chini.

Kulikuwa na wanawake nyuma yao na vyungu vya maji. Sikunyoosha huko. Bwana Miwani aliuliza na wale? Nikasema wale wanapeleka maji tu, Bwana. Akasema naam, wanatumwa.

Mchana wakarudi nyuma. Wamewaacha uwanjani, wengi. Nimetapika, kisha nimekula. Nilikuwa na njaa sana, nasema kweli.

Alhamisi, 16 Aprili

Jeshi limefika. Bunduki ya mtambo juu ya gari la ng'ombe, imefungwa turubai kama mgonjwa. Hawakuitumia sana. Bwana Miwani ana hesabu nyingine. Wamepita kijiji hadi kijiji, kila ghala moto, kila shamba la mtama kukatwa bichi, visima kutiwa mizoga. Mimi ndiye mwonyesha njia. Kwangu pia wamechoma, kwa bahati mbaya, Sajini kasema samahani.

Mtama ulikuwa umefika magotini! Walikuwa wameupanda juu ya ile pamba iliyoiva, katikati ya vita, na ulikuwa mzuri. Nimeona vizuri mistari yake ilivyopinda. Mtu aliyeupanda hakuwa na mnyapara.

Bwana Miwani ameeleza mezani kwamba risasi humwua mmoja, njaa hukaa mwaka mzima kazini bila mshahara. Alikuwa anapaka siagi mkate.

Jumanne, 21 Aprili

Wamemnyonga mpishi. Mpishi wa Bwana Miwani mwenyewe, aliyemwoshea sahani miaka yote! Mke wake alikamatwa anapeleka unga msituni. Akaletwa, akaulizwa mume wako nani, akamtaja, akidhani jina litamwokoa. Na kweli lilimwokoa yeye. Bwana Miwani alisema mwanamke hana kichwa chake, anatumwa. Mtumishi wa serikali ambaye mkewe yuko na waasi, yeye ndiye mwasi. Mwanamke aende zake.

Basi mwanamke akafunguliwa saa ileile aliyofungwa mumewe. Amekaa getini mpaka askari wakamfukuza kwa mawe.

Wanawake wa waasi wenyewe, na wajane wao, ni mambo mengine. Wanafungwa shingo kwa shingo kwenda kuvunja mawe ya barabara mpya. Kundi la kwanza lilikwenda wiki iliyopita. Aliyelisindikiza amerudi leo, nikamuuliza hali. Akasema nusu bado wanatembea.

Sajini ameazima kamba yangu ya kupimia jana. Hajaileta. Sitaidai.

Na kila mmoja hapa anajua nina mke? Hapana. Sajini ni mgeni, alikuja na mvua. Alipowatimua wale mbuzi alimwona, ila alikuwa anatazama kuku. Bwana Miwani anajua ninaye, alimwita mke mwema. Jana kaniuliza yu wapi. Nikasema alikufa vita ilipoanza. Akanipa pole, akanishika bega. Maneno yalitoka mepesi hivyo.

Jumatano, 6 Mei

Naandika barazani, kalamu ya risasi, karatasi juu ya goti. Bwana Miwani yuko ndani anakula. Sina muda.

Asubuhi wameleta wanawake wa msituni. Njaa imewatoa. Wengine wanatambaa. Wamekalishwa uani kwenye jua, na mimi nimewekewa kiti kidogo ubavuni mwa Bwana Miwani ili nithibitishe. Sajini anauliza, wao wanajibu, mimi natikisa kichwa. Huyu kweli, huyu kweli.

Sikumtambua. Nasema kweli, mke wangu sikumtambua! Amebaki macho na magoti. Nilimtambua aliposimama, kwa ile namna anayoshika kiuno akiinuka, mgongo ulimsumbua tangu ujana. Mama yake hakuwa naye. Sijui alikufia wapi, na nimejikuta nimesikitika.

Sajini akamuuliza mume wako nani.

Akanitazama mara moja. Si kwa chuki, ningeshukuru ingekuwa chuki. Alinitazama kama mtu anayepima kitu kwa jicho, kitafika au hakitafika. Kisha akamgeukia Bwana Miwani na kusema kwa sauti ya kusikika ua mzima kwamba yeye ni mjane. Mume wake ni Kipara. Mlimchapia pale, akasema, akaonyesha kwa kidevu. Nami ndiye niliyechemsha mbegu. Yeye alikuwa hajui kupika.

Wanawake wengine waliokuwa wameinama wakainua vichwa. Hakuna aliyesema sivyo. Hata mmoja!

Bwana Miwani akaacha kuandika. Mjane wa Kipara, akasema. Akavua miwani, akaifuta. Nikamwona anafikiri jambo ambalo hajawahi kulifikiri. Akanigeukia. Tafadhali, wewe ulikuwa jirani yake. Huyu ni mke wa Kipara?

Na hapohapo mpishi mpya akatoka kusema chakula kipo. Bwana Miwani akacheka kidogo. Fikiri, akaniambia. Baada ya chakula.

Nafikiri. Nikisema ndiye, huyu hafiki barabarani. Mke wa kiongozi, aliyekiri kwa mdomo wake, kamba iko tayari nguzoni. Nikisema ni wangu, wataniuliza yule niliyesema amekufa, na nitapita njia ya mpishi, na yeye atafunguliwa, hana kichwa chake, alitumwa. Atatoka getini. Atakula kitu. Ni hilo tu, hakuna la tatu, nimelitafuta.

Yuko pale, hatua chache. Ameketi na wenzake, amempakata mtoto wa mtu. Hatazami huku. Amenipa jibu mkononi, safi, halina mfupa. Ni kulimeza tu.

Nimejaribu kutamka "ndiye" kwa sauti ndogo, nione kama mdomo utakubali. Umekubali mara moja.

Sasa najaribu lile jingine. "Ni wangu." Ni wa— ulimi unakauka. Tena. Ni

Kiti kimeburutwa ndani. Anasukutua mdomo, huwa anasukutua. Buti. Bado nusu ya neno, ngoja kidogo Bwana, bado nusu —